Opiyo na Thompson ni Jina Moja

Najua unaharakisha kufika kwenye ukurasa wa vitendawili na mashairi, lakini hebu nipe dakika chache nitoe dukuduku langu. Lahusu majina.

Darasani mwetu mna mvulana anayejiita Thompson. Jina hilo halimo katika rejista ya mwalimu. Amejipa mwenyewe. Ameliandika kwa wino mzito juu ya dawati, juu ya madaftari yote na hata ndani ya ukosi wa sweta. Jina la babake ni Odongo, lakini ukimwita Odongo uwanjani haitiki. Anajifanya kiziwi mpaka useme Thompson, tena useme kwa puani kama mtangazaji wa redio.

Siku moja mwalimu alikuwa akiita rejista. Alipofika kwenye jina langu, Opiyo, huyu ndugu alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwani wewe ni mwanamume? Opiyo si jina la mvulana pacha? Na huyo pacha wako umemwacha wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilinyamaza. Si kwamba nina adabu sana, la hasha! Sikuwa na jibu.

Ukweli ni kwamba mimi ni msichana na si pacha. Babangu ndiye pacha. Kwa Wajaluo pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa huitwa Opiyo na anayemfuata huitwa Odongo. Wakiwa wa kike huitwa Apiyo na Adongo. Baba alitangulia, akaitwa Opiyo. Nilipozaliwa mimi, karatasi zikanipa jina lake liwe langu la mwisho. Basi nikawa msichana mwenye jina la kiume, pacha asiye na pacha.

Kicheko cha darasani ningekisahau. Lakini jina hilo hilo liliniletea msiba mwingine. Katika kitambulisho cha baba limeandikwa Opiyo. Katika cheti changu cha kuzaliwa limeandikwa Opio, bila y, na ndivyo nilivyofanya mtihani wa darasa la nane. Mwaka jana tulijaza fomu ya basari. Fomu ikarudishwa. Tukaambiwa baba na mtoto hawana jina moja, kwa hivyo haijulikani kama huyu ni babake kweli. Nilikaa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana, huku wenzangu wakisoma. Wiki mbili, kwa sababu ya herufi moja!

Basi nilipokuwa nyumbani nilijiuliza: jina la ukoo ni kitu gani hasa, hata likawa na nguvu ya kumtoa mtu darasani? Niliporudi nilimwuliza mwalimu wa Historia, nikapekua vitabu vya maktaba. Na kwa kuwa aliyenicheka ni Thompson, nikaamua kuanza na jina lake. Niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Thompson ni maneno mawili yaliyounganishwa. La kwanza ni Thom, ufupisho wa Thomas. La pili ni son, yaani mwana wa kiume. Na Thomas si neno la Waingereza wala la Waskoti. Asili yake ni Kiaramu, lugha iliyosemwa na Yesu na wanafunzi wake, na maana yake ni pacha. Wanaosoma Injili ya Yohana watakumbuka kwamba yule Tomaso aliyetaka kwanza kuona alama za misumari ndiye anayeitwa pia Pacha.

Kwa hivyo Thompson ni mwana wa Pacha. Na Odongo ni nani? Ni pacha. Ndugu yetu ametoka nyumbani kwa mlango wa mbele akilikimbia jina la babake, akazunguka mpaka Ulaya, akarudi nyumbani kwa dirisha. Aisee, nilicheka peke yangu maktabani mpaka nikafukuzwa.

Lakini tuache mzaha. Jina hilo lilifikaje Uingereza? Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka wa 1066, watu wa huko hawakuwa na desturi ya kuwapa watoto jina la Thomas. Lilikuwa jina la watu wa kanisa tu. Wanormani ndio waliolileta miongoni mwa watu wa kawaida. Kisha likatokea jambo kubwa. Tarehe 29 Desemba 1170, Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury na mashujaa wanne wa Mfalme Henry wa Pili, kwa sababu alikataa mfalme alitawale kanisa. Mwaka wa 1173 akatangazwa kuwa mtakatifu. Mahujaji wakamiminika Canterbury. Kule Scotland, Mfalme William alijenga abasia ya Arbroath mwaka wa 1178 kwa heshima ya Becket huyo huyo. Baada ya hapo kila kijiji kikawa na Thomas wake, na vingine vikawa nao wengi.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Simama sokoni Kisumu asubuhi uite, "Otieno!" Watageuka wangapi? Ndivyo ilivyokuwa kwao. Palikuwa na Thomas huyu na Thomas yule, na karani wa kodi amesimama na karatasi yake akitaka kujua nani amelipa. Uingereza ilitozwa kodi ya kichwa mwaka wa 1377, tena 1379, tena 1381. Karani hawezi kuandika "Robert" halafu akaridhika. Ataandika Robert mfua vyuma, Robert wa mlimani, Robert mfupi, au Robert mwana wa Thom. Kule Scotland tayari mwaka wa 1318 alikuwako John Thomson aliyewaongoza watu wa Carrick vitani Ireland.

Mwanzoni jina hilo lilisema kweli. Thomson alikuwa kweli mwana wa Thom. Mwanawe, kama baba anaitwa John, angeitwa Johnson. Lakini siku moja jina liliganda kama mafuta ya kupikia asubuhi ya baridi. Mtoto wa Thomson akabaki Thomson, na mjukuu akabaki Thomson, hata kama baba yake aliitwa Peter na hakuna Thom yeyote aliyebaki hai. Kwa sehemu kubwa ya Uingereza majina yalikuwa yameganda kufikia mwaka wa 1400 hivi. Scotland walichelewa. Milimani kaskazini watu waliendelea kubadili majina kila kizazi mpaka karne ya 18, na katika visiwa vya Shetland mpaka karne ya 19.

Msomaji, je, hadithi hii si yetu? Zamani za babu zetu, mtu alikuwa na jina lake, kisha akatajwa baba yake. Mvulana aliitwa wuod fulani, yaani mwana wa fulani. Msichana aliitwa nyar fulani, yaani binti fulani. Ndugu zetu wa Pwani nao wanasema bin na binti hadi leo. Hakuna msichana aliyechekwa kwa kuitwa binti Ali, maana kila mtu anajua Ali ni baba. Mimi kwa haki ni nyar Opiyo. Karani alipoandika jina langu alilitupa lile neno dogo la katikati, likabaki Opiyo tupu. Jina halina kosa. Kilichopotea ni nyar.

Na wenzetu hao nao wana kichekesho chao. Mwanamke wa Kiingereza aitwaye Thompson anaitwa mwana wa kiume wa Thom, naye ni mama wa watu! Hakuna anayemcheka. Waskoti wa milimani walitofautisha: katika Kigaeli mwanamume hutumia Mac na mwanamke hutumia Nic. Na kule Iceland mpaka leo wengi hawana jina la ukoo. Mvulana huongeza son kwenye jina la mzazi, na msichana huongeza dóttir, yaani binti. Kwa hivyo wale mliocheka, mnaweza kuanza sasa kuwacheka wanawake wote wa Uingereza waitwao Johnson, Wilson na Robertson. Nitawasubiri.

Sasa nije kwenye herufi, maana ndiyo iliyoniponza. Kuna Thomson na kuna Thompson. Hiyo p ilitoka wapi? Thom haina p, na Thomas haina p. Hebu jaribu kusema Thomson haraka haraka. Midomo imefungwa kwa m, kisha inafunguka kukimbilia s. Inapofunguka, p inaruka yenyewe kama panzi. Makarani waliandika walichokisikia. Kwa kawaida Waskoti waliiacha na Waingereza wakaiandika. Lakini si sheria. J. J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka wa 1897, alizaliwa Manchester nchini Uingereza na hakuwa na p. Andrew Thompson aliyezaliwa Kirk Yetholm huko Scotland aliandikwa kwa p. Na waliosoma vitabu vya Tintin wanawajua wale wapelelezi wawili wasiojua kazi, Thomson na Thompson. Wanafanana kama pacha, tofauti yao ni masharubu na hiyo p.

Sasa sema Opio haraka. Ulimi ukitoka kwenye i kwenda kwenye o, y inaingia yenyewe. Ni jambo lile lile! Karani mmoja ameisikia akaiandika, mwingine hakuisikia akaiacha. Ndiyo maana kuna akina Opiyo na kuna akina Opio, na wote ni pacha aliyetangulia. Kwa hivyo yeyote anayeniambia kwamba Opio hawezi kuwa mtoto wa Opiyo, namwambia akawatafute akina Thompson wote duniani wenye babu aliyeandikwa bila p. Atazeeka kabla hajamaliza kuwahesabu.

Nimesema duniani, na si kwa kutia chumvi. Kuanzia mwaka wa 1609 Waskoti wengi walihamishiwa kaskazini mwa Ireland kupewa mashamba, na majina yao wakaenda nayo. Kule Belfast alizaliwa William Thomson mwaka wa 1824. Humjui? Unamjua sana. Katika Kemia ya kidato cha tatu, tukifanya kanuni za gesi, huwa tunaongeza 273 kwenye selsiasi kupata kelvini. Kelvini huyo ndiye Thomson. Alipopewa cheo cha Lord mwaka wa 1892 alichukua jina la mto Kelvin unaopita karibu na Chuo Kikuu cha Glasgow alikofundisha. Kumbe hata wakubwa hubadilisha majina.

Wengine hawakuenda kwa hiari. Kuanzia mwaka wa 1788 Uingereza iliwapeleka wafungwa wake Australia. Yule Andrew Thompson niliyemtaja alifika Sydney mwaka wa 1792 akiwa mfungwa, na mwaka wa 1810 akafanywa hakimu. Jina moja, mara liko jela, mara liko kwenye kiti cha hakimu.

Na kuna waliobandikwa. Katika visiwa vya Karibi, Waafrika waliouzwa utumwani walinyang'anywa majina yao. Sheria ya kuwaachilia ilianza kutumika mwaka wa 1834 na uhuru kamili ukaja 1838, na wengi wakabaki na majina ya mabwana na wasimamizi wa mashamba. Ndiyo maana ukienda Jamaika leo utawakuta akina Campbell, akina Gordon na akina Thompson, weusi kama mimi na wewe. Elaine Thompson-Herah wa Jamaika alishinda mbio za mita 100 na mita 200 katika Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016, kisha akarudia zote mbili kule Tokyo mwaka wa 2021, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya kabla yake. Yeye amelitukuza jina hilo kwa miguu yake. Lakini sisi tusisahau kwamba watu wa kwanza kulibeba kule hawakuulizwa kama wanalitaka. Sisi tunaulizwa. Ndiyo sababu naona uchungu mtu wetu anapolitupa la babake bure, bila hata kuchapwa.

Hata Kenya jina hilo lilifika. Joseph Thomson, Mskoti, mwana wa mwashi wa mawe, alizaliwa Penpont mwaka wa 1858. Mwaka wa 1883 alitoka Mombasa, akapita nchi ya Wamaasai, akafika ziwa la Nyanza. Yale maporomoko ya Nyahururu, yenye urefu wa mita 74 hivi, yakaitwa Thomson's Falls, na mji wenyewe ukaitwa hivyo kwa miaka mingi. Swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni naye anaitwa swala tomi kwa sababu ya mtu huyo. Maji yalikuwa yakianguka kabla yake, na swala alikuwa akila nyasi zake bila jina la mtu. Leo mji umerudia jina la Nyahururu na haujapungukiwa na kitu.

Kutokana na hayo yote maoni yangu ni haya. Jina la ukoo si damu. Akina Thompson hawana babu mmoja. Kila kijiji kilikuwa na Thom wake na kila Thom alikuwa na wana wake. Wala jina la ukoo halikushuka kutoka mbinguni. Ni jina la utani au la mzazi lililoshikwa na karani likiwa njiani. Basi hakuna jina la kizungu lililo kubwa kuliko letu, na hakuna herufi inayoweza kumfanya mtu asiwe mtoto wa babake.

Najua kuna atakayeniuliza: kama jina si damu, mbona unalishikilia? Badilisha yote yawe Opio, upate basari, yaishe. Mamangu alisema hivyo hivyo. Kwake hiyo ilikuwa njia rahisi na ya bei nafuu, na nakiri kwamba ana haki, maana yeye ndiye aliyezunguka na zile fomu. Lakini baba alikataa. Pacha wake, baba mdogo Odongo, alikufa kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Hakuna picha yake. Hakuna cheti chake. Nyanya anasema kila akimwita baba, "Opiyo!", moyoni humsikia na wa pili, kwa sababu hakuna Opiyo pasipo Odongo. Jina la baba ndilo kaburi lenye maandishi alilo nalo yule mtoto. Niliposikia hayo nikaelewa kwa nini baba alilipa nauli mara tatu kwenda kuapa hati ya kiapo ili mimi niandikwe kama yeye.

Kwa hivyo, kabla sijaweka kalamu chini, nina maombi manne.

Kwanza, kila mwanafunzi aende nyumbani leo akatazame cheti chake cha kuzaliwa, akilinganishe na kitambulisho cha mzazi na cheti cha darasa la nane. Ukiona herufi imepotea, mwambie mzazi sasa hivi, usingoje kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Thomson na Thompson wote wanaishi vizuri kwa sababu kila mmoja ameshika yake. Shida si y. Shida ni kuwa nayo hapa na kuikosa pale.

Pili, nawaomba walimu wetu, kwa heshima na taadhima, mkiandika jina la mwanafunzi mgeni, mwulizeni kwanza linaandikwaje na linatamkwaje. Ni swali la sekunde tano. Mimi lingeniokolea wiki mbili.

Tatu, Chama chetu cha Kiswahili kiwe na daftari la majina. Kila mwanachama aandike jina lake, maana yake na nani alimpa. Tutajifunza Kiluhya, Kikisii, Kikalenjin na Kigikuyu bila kulipa ada.

Nne, tuache kuchekana majina. Kabla hujacheka la mwenzako, jua kwanza maana ya lako.

Nawe ndugu yangu wa dawati la nyuma, sina kinyongo nawe. Kama unapenda Thompson, endelea nalo, ni jina lenye historia ndefu. Lakini ukiitwa Odongo, itika tu. Nyumbani kwetu kuna nyanya mmoja ambaye angefurahi sana kusikia mtu akiitika jina hilo.